Mifuko Minane ya Maranda

Hakuna mtu wa maabara aliyewahi kukanyaga karakana ile. Kila baada ya wiki mbili alikuja dereva tu, akapakia mifuko ya maranda nyuma ya gari, akapiga honi mara moja kuaga, akaenda zake. Kwa hiyo Alhamisi ile alasiri, mwanamke mwembamba aliyevaa koti jeupe aliposimama mlangoni na kupiga hodi, fundi seremala aliacha randa katikati ya ubao, na binti yake akaacha ufagio.

"Karibu ndani, mama," fundi alisema, huku akipangusa kiti kwa kitambaa.

"Asante, nitasimama hapa hapa nje." Mgeni alikuwa amejifunika pua na mdomo kwa barakoa. "Mimi na vumbi la mbao hatupatani. Hapa ndipo yanapotoka maranda ya panya?"

Fundi akacheka. "Ndipo penyewe. Mtaa mzima unaniita Fundi Vitanda vya Panya. Kuna jirani mmoja huniuliza kama na mito nawashonea."

Mgeni hakucheka. Binti wa fundi aliliona hilo.

Binti huyo alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Jina lake la kuzaliwa lilisikika darasani tu, mwalimu alipoita majina. Kwingine kote aliitwa Chiriku, kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza. Mama yake alisema mtoto yule anaweza kuongea huku anapiga mswaki, na ukamwelewa.

Kila siku akitoka shule, Chiriku alikuwa na kazi yake karakanani. Randa inapopita juu ya ubao hutoa vipande vyembamba vilivyojikunja, navyo ndivyo maranda. Maabara iliyatumia kuwatandikia panya wake weupe, lakini si maranda yoyote tu. Yalitakiwa yawe ya msonobari mweupe ambao haujapakwa kitu, kisha yachekechwe mara mbili juu ya chekeche la waya mpaka vumbi lote lianguke. Kuranda ilikuwa kazi ya baba. Kuchekecha ilikuwa kazi ya Chiriku.

Mgeni alitoa mfukoni kifuko cha plastiki kinachoonyesha. Ndani yake kulikuwa na maranda yaliyotafunwa na panya hadi yakawa kama nyuzi. Rangi yake haikutambulika tena.

"Haya ni ya mzigo wa wiki mbili zilizopita," alisema. "Mimi ni mtafiti. Tunatafuta dawa ya pumu kali, ile ambayo dawa za kawaida haziiwezi. Tuna panya arobaini na wanane. Wengine tumewafanya waugue kifuani, wapate kitu kinachofanana na pumu hiyo, ili tuone kama dawa mpya inawasaidia. Wengine ni wazima kabisa, hao ni wa kulinganishia. Sasa tangu juzi hata wale wazima wanahema kama wagonjwa. Kazi ya miezi mitatu imevurugika, na sijui kwa nini."

Fundi alikipokea kile kifuko, akanusa, akatikisa kichwa. "Imebaki harufu ya panya tu."

"Nadhani kulikuwa na vumbi. Pengine na dawa ya mbao. Tumepeleka yapimwe, lakini majibu yatachukua wiki tatu. Ndiyo maana nimekuja kukuuliza mwenyewe."

"Mama," fundi alisema, akaweka mkono kifuani, "maranda ninayokuletea ni ya msonobari mtupu, na binti yangu huyu huyachekecha mara mbili. Hilo nakuapia." Akamgeukia mwanawe. "Au siyo, Chiriku?"

Chiriku aliutazama ufagio. Jibu la kweli lilikuwa pale pale kwenye ulimi. Siku ile ya mzigo, baba alikuwa ametumwa kwenda kupima milango ya nyumba ya mteja, na timu ya mpira wa pete ilikuwa na mazoezi ya mwisho kabla ya nusu fainali. Mifuko miwili ilikuwa bado mitupu. Pembeni kulikuwa na lundo la maranda ya mbao za paa, zile zilizopakwa dawa ya kuzuia mchwa. Chiriku aliyashindilia humo, vumbi na kila kitu, bila hata kuligusa chekeche. Akafunga kamba, akakimbia uwanjani. Alijiambia kwamba panya ni panya tu.

"Ndiyo, baba," alisema. "Mara mbili."

Mtafiti alishusha pumzi. "Basi nakuamini, fundi. Kwa miaka mitano sijapata mfuko mbaya kutoka kwako. Itakuwa ni yule mzee anayewatunza panya. Huenda ameosha vizimba kwa sabuni kali. Anakana, lakini kuanzia Jumatatu nitalazimika kumwondoa chumba kile." Alianza kukohoa nyuma ya barakoa, akapunga mkono, akaondoka haraka kutoka kwenye lile vumbi.

Jioni ile Chiriku alikula bila kusema neno. Baba yake alimgusa paji la uso.

"Una homa?"

"Hapana, baba."

"Chakula kimekwisha na mimi nimeyasikia masufuria tu. Nyumba hii imekuwa ya watu wengine?"

Mama akacheka. Chiriku alijaribu kucheka naye, sauti ikatoka kama ya mtu aliyepaliwa.

Ijumaa shuleni, wakati wa mapumziko, alimkuta Nahodha kwenye benchi lake chini ya dirisha la darasa. Nahodha ndiye aliyekuwa rafiki yake wa damu na nahodha wa timu ya mpira wa pete. Alikuwa mfungaji hodari kuliko wote mpaka pumu ilipomtoa uwanjani mwaka uliopita. Tangu hapo Chiriku ndiye aliyecheza nafasi yake, na Nahodha akawa anaamuru kutoka kwenye mstari, akiwa na filimbi shingoni na pampu ya dawa mfukoni.

"Kesho saa nne fainali," Nahodha alisema. "Ukikosa goli la wazi, naingia uwanjani na pampu yangu mkononi nikufungie mwenyewe."

Chiriku alitabasamu kwa shida. Nahodha akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Alivuta pampu mara moja, akangoja. Akavuta tena. Mabega yalipanda na kushuka, na kifua kikatoa sauti nyembamba kama mluzi. Alishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili, macho yakiwa yametazama mbele tu, kama mtu anayehesabu. Ilichukua muda mrefu kabla hajaweza kusema.

"Daktari anasema pumu yangu ina kichwa kigumu," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Dawa za kawaida inazicheka. Eti iko nyingine mpya, bado wanaijaribu kwa panya. Wakimaliza, labda na sisi tutaipata."

"Labda lini?"

"Mimi nitajuaje? Waulize panya."

Lilikuwa neno la mzaha tu. Chiriku alihisi kama amepigwa kofi mbele ya shule nzima. Masikio yakamwaka moto. Aliinuka akaenda kunawa uso bombani, na kengele ilipolia alikuwa bado anaacha maji yapite mikononi.

Mchana hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja karakanani, akasimama mbele ya meza ya kazi na mkoba ungali mgongoni.

"Baba, sikuchekecha."

Fundi aliinua macho. "Umesemaje?"

"Ile mifuko miwili. Nilijaza maranda ya mbao za paa, zile za dawa. Nilikuwa nawahi mazoezi. Jana nilisema uongo."

Fundi aliiweka randa juu ya ubao. Chiriku alingoja afokewe. Alitaka sana afokewe. Lakini baba yake aliketi polepole juu ya gogo, kama mtu aliyezeeka ghafla.

"Jana nilimtazama yule mama machoni," alisema, "nikaweka mkono hapa, nikaapa. Niliapa juu ya neno lako. Sikuwa na kitu kingine cha kuapia."

Chiriku alianza kulia. Baba hakumnyamazisha. Alivua aproni, akaitundika msumarini, akafunga mlango wa karakana mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku aliyoumwa jino.

"Twende," alisema. "Mzee wa watu asije akafukuzwa kwa ajili yetu."

Kwenye maabara walipewa viatu vya plastiki na kofia za kufunika nywele, wakasimama katika ujia mrefu unaonuka sabuni. Upande mmoja ulikuwa na dirisha kubwa la kioo. Mtafiti alitoka, na nyuma yake mzee mfupi aliyevaa ovaroli nyeupe.

"Mama, shikamoo," fundi alisema, ingawa mtafiti alikuwa mdogo wake kwa miaka mingi. "Jana nilikuapia uongo bila kujua. Nimekuja kukirudisha kiapo changu. Mwanangu ana la kusema."

Chiriku alilisema lote, akivitazama viatu vyake vya plastiki. Alipofika kwenye yale maneno, "nilijiambia panya ni panya tu," sauti ilikatika, lakini hakuyaruka. Mtafiti alifumba macho kidogo, akayafumbua. Mzee ndiye aliyesema kwanza.

"Jana niliulizwa kama huwa nalewa kazini," alisema bila hasira. "Miaka kumi na tisa, mjukuu wangu. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mke wangu, labda kweli nimeanza kusahau. Nilijaribu kukumbuka sabuni niliyotumia mpaka kichwa kikauma."

"Nisamehe, babu."

"Njoo uwaone kwanza."

Alimsogeza kwenye kioo. Ndani kulikuwa na vizimba vilivyopangwa kwenye rafu, kila kimoja na kadi yake. Katika kizimba cha karibu panya watatu weupe walikuwa wamejikunyata pembeni. Mbavu zao zilikuwa zikiingia na kutoka haraka haraka. Chiriku alizitambua zile mbavu. Asubuhi ile ile alikuwa ameziona juu ya benchi, chini ya dirisha la darasa.

"Hawa ndio waliotakiwa kuwa wazima," mzee alisema.

"Watapona?"

Mtafiti alisogea karibu. "Hapana. Leo jioni tutawalaza usingizi, wote arobaini na wanane, na hawataamka. Hata kazi ikienda vizuri huwa tunafika hapo mwishoni, kwa sababu lazima tuyaangalie mapafu yao kwa ndani. Silipendi jambo hilo. Lakini dawa ambayo hatujaijua hatuwezi kuianzia kwa mtoto. Kwa hiyo tunawadondoshea panya maji yenye vumbi la nyumbani puani, wiki baada ya wiki, mpaka njia zao za hewa zivimbe kama za mgonjwa wa pumu kali. Halafu tunawapa dawa na kupima. Kila panya ni kama swali tunaloliuliza. Safari hii maswali yote yamechafuka, na majibu hayana maana. Wameteseka, na hatukujifunza chochote."

"Mna... mnaanza upya?"

"Upya kabisa. Ni miezi mitatu imepotea. Kuna watoto wanaingoja dawa hii."

"Mmoja namjua," Chiriku alisema kwa sauti ndogo.

Kisha mtafiti akamgeukia fundi. "Panya wapya wanafika Jumatatu. Maranda lazima yapikwe kwa mvuke Jumapili ili vijidudu vife, kwa hiyo nahitaji mifuko minane kesho kabla jua halijazama. Kusema kweli, fundi, sijui kama nichukue kwako tena."

"Nitayachekecha mimi," Chiriku akasema. "Mifuko yote minane. Mara mbili. Naahidi."

"Kesho una fainali," baba yake alimkumbusha.

"Najua, baba."

Mtafiti alimtazama kwa muda. "Neno lako la mwisho kwangu lilikuwa la uongo."

"Ndiyo, mama."

"Basi hili nitalingoja nilione."

Walipotoka, mzee aliwafuata mpaka mlangoni, akampokea Chiriku ile kofia ya plastiki. "Usilie njia nzima," alimwambia. "Baba yako atadhani nimekufinya."

Lilibaki jambo moja, na ndilo lililokuwa zito kuliko yote. Kabla giza halijaingia Chiriku alisimama nje ya dirisha la chumba cha Nahodha, akamweleza. Nahodha alisikiliza akiwa amekaa kitandani, mto mgongoni.

"Kwa hiyo umeichelewesha dawa yangu."

"Ndiyo. Miezi mitatu."

"Kwa ajili ya mazoezi?"

"Ndiyo."

"Na kesho huchezi."

"Sichezi. Nimeahidi."

Nahodha alimtazama kama anavyotazama mchezaji aliyepoteza mpira kizembe. Alinyoosha mkono akalifunga dirisha.

Jumamosi fundi aliamka mapema akaranda mbao mpya za msonobari, ubao baada ya ubao, mpaka lundo likafika kiunoni. Kisha akasogea pembeni. Chiriku alijifunga kitambaa puani, akashika chekeche. Alimimina maranda, akalitikisa kwenda na kurudi mpaka vumbi likashuka kama unga kwenye turubai la chini. Akayakusanya. Akayamimina tena, akatikisa tena. Baada ya hapo alichukua konzi moja, akaikung'uta juu ya kitambaa cheusi. Kitambaa kilipopata weupe, alirudia. Mfuko wa kwanza ulirudiwa mara nne.

Saa nne kasoro timu ilipita barabarani ikiimba, na sketi za kijani zilizopigwa pasi. Mmoja akapaza sauti, "Chiriku, panya wanakuita!" Wengine wakacheka. Chiriku alizidi kutikisa chekeche. Aliyasikia makelele ya uwanjani kabla hata mchezo haujaanza, na kila shangwe ilipopanda, mikono ilisita, kisha ikaendelea. Kufikia adhuhuri malengelenge yalikuwa yametokea viganjani. Mama alimletea maji na matambara ya kufunga mikono, akaondoka bila kuuliza.

Jua lilipoanza kulegea, Chiriku aliinua macho akamwona Nahodha. Alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, mbali na vumbi, mkono mmoja umeshika pampu, filimbi ikining'inia shingoni.

"Tumefungwa!" alipaza sauti. "Kumi na moja kwa tisa!"

Chiriku alisimama na chekeche mikononi. "Nisamehe!"

"Yule waliyemweka nafasi yako amekosa magoli matano! Hata bibi yangu angefunga mawili!"

Chiriku hakujua kama acheke au alie.

"Imebaki mingapi?" Nahodha akauliza.

"Mmoja!"

"Umechekecha mara ngapi?"

"Huu bado mara moja tu!"

Nahodha alitulia avute pumzi. Hakusema amemsamehe. Alikaa juu ya jiwe kule ng'ambo, akakunja mikono kama anavyofanya kwenye mstari wa uwanja. "Sasa unaningojea mimi?" alisema. "Maliza."

Fundi alikuwa ameyasikia yote. Alikuja akachuchumaa karibu na binti yake, akachota konzi ya maranda, akayaacha yapite vidoleni.

"Chiriku, sikiliza. Kosa lako lilikuwa la saa moja. Ungelisema siku ile ile, ningempigia simu yule mama na mifuko ingerudi. Uongo ndio ulioliotesha miguu, likatembea mpaka kwa mzee wa watu." Akapukuta vumbi vidoleni. "Kazi unayosimamiwa kila mtu anaiweza. Panya hawezi kukuuliza umemtandikia nini. Na mtoto atakayevuta ile dawa siku moja hatajua kama uliwahi kuwepo. Hao ndio wanaokudai uwe mkweli, kwa sababu hawana namna ya kukukagua."

"Ndiyo, baba."

"Aibu hiyo unayoisikia usiitupe. Itakukumbusha."

Honi ya gari ililia kona ya mtaa. Dereva alikuwa amefika, na pembeni yake aliketi yule mzee wa ovaroli nyeupe, aliyekuja kuyapokea maranda kwa mikono yake mwenyewe. Alishuka, akatazama mifuko saba iliyofungwa kamba, akatazama lundo dogo lililobaki, kisha jua lililokuwa limegusa mapaa.

"Hayo yanaonekana safi, mjukuu wangu," alisema. "Dereva ana haraka. Tufunge tu?"

Viganja vya Chiriku vilikuwa vinachoma. Ng'ambo ya barabara Nahodha alikuwa hajainuka kwenye jiwe lake.

"Bado, babu," Chiriku alisema. "Yamepita mara moja."

Akayainua maranda yote, akayamimina tena juu ya waya, akaanza kutikisa.